Hereni zako, suti yake na gunia la lumbesa

SWALI: Shikamoo mchungaji. Mimi ni binti wa miaka 24, naishi Uyole. Nimesimamishwa kwaya miezi mitatu kwa sababu nimesuka rasta na navaa hereni, halafu mzee mmoja wa kanisa alinikuta shambani Isyonje nimevaa suruali. Mzee huyohuyo ndiye anayenunua viazi vyetu kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, na vibarua wake wanamdai tangu msimu uliopita. Kila Jumapili yuko mbele na suti yake. Si Biblia inasema Mungu haangalii sura ya nje bali moyo? Sasa hereni zangu zinawahusu nini? Au ninachovaa hakimhusu Mungu kabisa?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole. Kukaa kwenye benchi ukisikia wenzako wanaimba sauti yako si jambo dogo.

Nianze na mstari ulioutaja, maana ndio umeubebesha mzigo wote. Ni 1 Samweli 16:7. Samweli ametumwa Bethlehemu, nyumbani kwa Yese, kumpaka mafuta mfalme mpya. Anaingia Eliabu, kijana wa kwanza, mrefu, mwenye umbo la kifalme, na Samweli moyoni anasema huyu ndiye. Anaambiwa: "Bwana haangalii kama binadamu aangaliavyo, maana wanadamu huitazama sura ya nje, bali Bwana huutazama moyo."

Angalia anayeambiwa ni nani. Haambiwi Eliabu, wala Daudi, ambaye bado yuko machungani. Anaambiwa Samweli, kiongozi wa dini mwenye pembe ya mafuta mkononi, mwenye mamlaka ya kumtanguliza mtu au kumrudisha nyuma. Tena ni mtu ambaye kabla ya hapo alikuwa amempaka mafuta Sauli, aliyewazidi watu wote kimo tangu mabega kwenda juu, na anajua yalivyoishia. Kwa hiyo ukisema mstari huu unakihusu kikao kilichokusimamisha, uko sahihi. Neno hili ni la wanaochagua watu.

Ila wewe umeutumia kujitetea, na hapo unakuwa mgumu kuliko unavyodhani. Anayeuona moyo anaona mengi kuliko mzee aliyekukuta shambani. Hereni unaweza kuzivua kabla hujafika getini ukaziweka kwenye pochi. Wivu kwa yule dada anayepewa kuongoza wimbo hauwekwi kwenye pochi. Watu wengi wanasema "Mungu anaangalia moyo" kwa sauti ya mtu aliyepata ahueni. Mimi nikiusoma mstari huo huwa sipati ahueni, natamani angetazama tai yangu aishie hapo.

Kuna mambo mawili katika habari hii ambayo wahubiri wengi wanayaruka. La kwanza, mistari mitano mbele, Daudi anapoingia, mwandishi anatuambia bila aibu kwamba alikuwa na macho mazuri na umbo la kupendeza. Hakuchaguliwa kwa uzuri, wala uzuri haukumwondoa. La pili liko sura ya 17. Eliabu yuleyule anamkuta mdogo wake uwanja wa vita, anawaka hasira, anamwambia kwamba anakijua kiburi chake na ubaya wa moyo wake. Anajua! Mtu aliyekataliwa na Mungu anayetazama moyo, sasa naye anasoma mioyo ya wengine, na anaisoma vibaya. Daudi alikuwa ameleta bisi, mikate na jibini tu, kwa agizo la baba yao. Aliyekutazama hereni akasema hujaokoka amekaa kwenye kiti cha Eliabu. Na wewe unayemtazama mzee suti yake ukajua moyo wake wote, jihadhari kile kiti kina nafasi ya wawili.

Sasa twende kwenye maandiko ambayo bila shaka walikusomea siku ya kikao: 1 Petro 3:3-4 na 1 Timotheo 2:9-10. Petro anasema kujipamba kwenu kusiwe kwa nje, "yaani, kusuka nywele, na kujitia dhahabu, na kuvalia mavazi", bali utu wa moyoni usioonekana, roho ya upole na utulivu. Soma vitu vitatu alivyovitaja, kimoja kimoja. Kusuka, dhahabu, mavazi. Kama cha kwanza ni marufuku kabisa, basi na cha tatu ni marufuku kabisa, na hakuna kanisa Mbeya linaloweza kuhubiri hilo mwezi wa Julai. Petro hapigi marufuku orodha. Anauliza pambo lako ni lipi, kitu gani ukiondolewa utajiona huna thamani.

Tukumbuke pia alikuwa anawaandikia watu gani. Barua inakwenda Ponto, Galatia, Kapadokia, Asia na Bithinia, majimbo ya Kirumi yaliyoko leo katika nchi ya Uturuki. Huko nywele za mwanamke wa kitajiri zilikuwa tangazo la mali ya mumewe. Zilijengwa kwa saa nyingi na watumwa, zikafungwa kwa nyuzi za dhahabu na lulu. Plinio, mwandishi wa Kirumi wa karne hiyohiyo ya kwanza, alimwona kwa macho yake Lollia Paulina, aliyewahi kuwa mke wa Kaisari Kaligula, kwenye karamu ya posa ya kawaida tu, amefunikwa kwa zumaridi na lulu kichwani, masikioni, shingoni na vidoleni. Thamani yake ilikuwa sesterce (sarafu ya Kirumi) milioni 40, na mama yule alikuwa tayari kuonyesha hati za manunuzi ili asiwepo wa kubisha. Askari wa kawaida wa Rumi wakati ule alilipwa kama sesterce 900 kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe ni askari wangapi walining'inia kwenye masikio yale.

Hilo ndilo lililokuwa linaingia ibadani, au wanawake maskini walikuwa wanalitamani. Ndiyo maana Paulo, akimwandikia Timotheo, anataja pamoja na kusuka nywele "nguo za thamani". Tatizo analoligusa lina bei. Rasta ulizosukwa na jirani yako kibarazani, huku mnamenya viazi, haziko kwenye kundi la Lollia Paulina, na asiyeona tofauti hiyo hajasoma barua, amesoma neno moja ndani ya barua.

Na dhahabu yenyewe haikuumbwa na shetani. Mtumishi wa Ibrahimu, katika Mwanzo 24, baada ya kuomba na kujibiwa, alimpa Rebeka pete ya dhahabu ya uzani wa nusu shekeli (kipimo cha uzani cha zamani) na vikuku viwili vya shekeli kumi. Baba wa mwana mpotevu aliagiza pete kidoleni. Katika Ezekieli 16 Mungu mwenyewe anasema aliivika Yerusalemu vikuku na mkufu. Lakini katika Mwanzo 35 Yakobo anazika pete za masikioni za watu wa nyumbani mwake chini ya mwaloni kule Shekemu, kwa sababu zilikuwa zimeambatana na miungu migeni. Kitu kilekile, sura tofauti, hukumu tofauti. Binti anayeniuliza kama hereni ni dhambi, humuuliza kwanza: imenunuliwa kwa fedha gani, na inamwambia nani nini?

Suruali nitaipitia haraka, kwa sababu haistahili muda inaopewa. Watakusomea Kumbukumbu la Torati 22:5, mwanamke asivae mavazi ya mwanamume. Uwaombe kwa adabu waendelee hadi mstari wa 11, unaokataza nguo iliyochanganywa sufu na kitani, na wa 12, unaotaka vishada kwenye pembe nne za vazi, halafu tumtafute mzee mwenye vishada. Katika Israeli wanaume na wanawake wote walivaa mavazi marefu. Suruali ninazozikumbuka katika Torati ni zile za kitani za makuhani, Kutoka 28:42, nazo zilivaliwa ndani. Ukifika kipupwe, nusu ya akina mama wa ushirika wako nao wamevaa hivyohivyo, suruali ndani, sketi juu, na nadhani Mungu anawaelewa vizuri. Suruali ya kike iliyotoka kwenye fungu la nguo za kike sokoni Mwanjelwa ni vazi la kike. Na kwa kuinama kwenye matuta ya viazi, inasitiri kuliko sketi.

Nisije nikaeleweka kwamba taratibu za mavazi ni upuuzi wa wazee wasiojua kitu. Zina historia yake, na nyingine ni nzuri kuliko tulivyozipokea. Wamoravian waliofika Rungwe mwaka 1891, mwaka uleule ambao wamisionari wa Berlin nao waliingia Unyakyusa, walitoka katika jumuiya iliyoanzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1722. Katika karne ile ya 18 wanawake wa Herrnhut walivaa kofia nyeupe za kitambaa zilizofanana, na utepe wa rangi: mwekundu kwa mabinti wadogo, wa waridi kwa wasioolewa, wa buluu kwa walioolewa, mweupe kwa wajane. Utepe ulionyesha mtu yuko kundi gani la malezi, basi. Haukupima utakatifu wake. Na kwa kuwa kofia zilifanana, mke wa tajiri na mke wa maskini hawakutofautiana kichwani. Katika karne hiyohiyo, kule Uingereza, John Wesley aliwakataza wafuasi wake dhahabu na nguo za gharama, na hoja aliyoikazania ilikuwa hesabu: kadiri unavyotumia zaidi kujivika mwenyewe, ndivyo unavyobaki na kidogo cha kumvika aliye uchi.

Unaona kilichokuwa ndani ya sheria zile? Maskini. Utaratibu wa mavazi ulikuwa ukuta wa kumkinga maskini asidharauliwe kanisani. Sisi tumebaki na ukuta, na maskini tumemwacha nje yake. Kwaya nyingi huku kwetu leo zina kitenge cha Pasaka, kingine cha mkutano wa injili, kingine cha kurekodi, kila kimoja na mshono wake. Asiyeweza kuchangia anaanza kuugua kila siku ya mazoezi, mpaka anapotea kabisa. Nimewasikia akina mama wanaochukua mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, ili wasiaibike siku ya uzinduzi. Hakuna anayesimamishwa kwa hilo. Yakobo sura ya pili ingesomwa siku ya kupanga sare, pale anapomweleza mtu mwenye pete ya dhahabu anayepewa kiti kizuri huku maskini akiambiwa simama pale, nadhani kikao kingechelewa kwisha.

Na kama mnataka kuhangaikia miili ya mabinti, kuna mkorogo. Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini. Zinaharibu ngozi, na zebaki inaharibu figo. Mimi ningemwita binti anayejichubua kwa upole kabla ya kumwita aliyetoboa sikio, maana mmoja wao anaumia. Tuendelee.

Sasa mzee wako. Hapa ndipo swali lako lilipokuwa linaelekea tangu mwanzo, na hapa ndipo naona tunakosea wote, walokole na wasio walokole. Tunasema moyo uko ndani, hakuna aujuaye ila Mungu, kwa hiyo tumebaki na mavazi ya kutazama. Yesu hakusema hivyo. Alisema mti hujulikana kwa matunda, na katika Marko 7 akataja yatokayo moyoni: wivi, tamaa mbaya, hila, kiburi, matukano. Haya yote yana watu waliotendewa, nao wapo na wanaweza kuulizwa. Moyo unaonekana. Unaonekana kwenye mizani, siku ya kulipa vibarua, na kwenye sauti unayotumia kwa mfanyakazi wa ndani mgeni akishaondoka. Tunaukosa kwa sababu tunautafuta kwenye nguo.

Chukua lumbesa. Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuza viazi: gunia likijaa linashonewa kilemba juu, kipande cha wavu au cha gunia jingine, linaongezwa tena hadi linavimba, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100. Kila anayepita barabara ya Tukuyu ameyaona yakipakiwa, yamesimama kama watu wenye vilemba. Biblia ina maneno makali kuhusu jambo hili kuliko kuhusu hereni zote zilizowahi kuvaliwa. Mithali 11:1 inaiita mizani ya hadaa chukizo kwa Bwana. Amosi sura ya nane inawaeleza watu wanaosubiri Sabato ipite ili waipunguze efa, kipimo cha nafaka, na kuiongeza shekeli, uzani wa kupimia fedha. Walikuwa ibadani, wamevaa vizuri bila shaka, wakihesabu saa warudi sokoni. Na Yakobo 5:4 anasema ujira wa waliovuna mashamba, uliozuiliwa kwa hila, unapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Kama wale vibarua kweli hawajalipwa, mzee huyo yuko kwenye hatari kubwa kuliko wewe, na kanisa linalomwacha bila kumwonya halimpendi.

Nimesema kama. Umeniandikia upande mmoja. Inawezekana naye hajalipwa na wanunuzi wa Dar es Salaam. Lumbesa, hiyo haihitaji uchunguzi, umeishonea mwenyewe kilemba.

Lakini usijioshe kwa uchafu wake. Yesu alipowashukia Mafarisayo katika Mathayo 23, alianza kwa kuwaambia watu wayashike wanayofundishwa na wasiige matendo. Alipotaja zaka ya mnanaa na bizari, alisema mambo makuu ni adili, rehema na imani, kisha akaongeza kwamba na yale mengine wasiyaache. Na kuhusu kikombe hakusema nje kubaki hivyohivyo. Alisema safisha kwanza ndani, ili nje yake nayo ipate kuwa safi. Swali lako la mwisho limejibiwa hapo. Ndiyo, unachovaa kinamhusu Mungu, kama vile unachokula na unachomwandikia mtu kwenye simu kinavyomhusu. Kuna vazi linalotafuta macho ya mume wa mtu, na anayelivaa anajua. Kuna vazi la kumtambia mwenzio aliyekosa. Na kuna gauni refu la mikono mirefu linalovaliwa kwa kiburi kikubwa kuliko hereni yoyote. Ukisimama mbele ya kioo, wewe ndiye wa kwanza kujua umevaa kwa ajili gani.

Ufanye nini sasa? Hapa Paulo anatusaidia kwa mambo mawili yanayoonekana kupingana. Katika Matendo 16:3 alimtahiri Timotheo, kwa sababu ya Wayahudi waliokuwa sehemu zile. Katika Wagalatia 2 anasema Tito hakushurutishwa kutahiriwa, na kwamba hakukubali kuwapisha waliotaka hivyo hata kwa saa moja. Tendo ni lilelile la mwilini. Kwa Timotheo lilikuwa njia ya kuwafikia watu. Kwa Tito lilikuwa limegeuzwa sharti la kuwa Mkristo kamili.

Nenda kwa mchungaji wako ukiwa na swali hilo moja. Nenda na mama yako au shangazi, usiende peke yako ukiwa na hasira. Muulize: katazo la hereni na rasta ni utaratibu wa kwaya, au mnasema mtu mwenye hereni hajaokoka? Akijibu ni utaratibu wa kwaya, omba uandikwe ili kila anayejiunga aujue, kisha vua hereni ukaimbe. Hutakuwa umepungukiwa kitu, ni kama sare nyingine yoyote. Rasta omba uachwe hadi utakapofumua, maana ulizilipia. Akijibu kwamba hereni zinaonyesha hujaokoka, mwambie kwa heshima kwamba hapo huwezi kukubali, na umsomee Wagalatia. Ikibidi kukaa benchi kwa sababu hiyo, kaa, endelea kuabudu, usihamie kanisa lingine kwa ajili ya hereni.

La mzee lishughulikie tofauti, siku nyingine. Ukiyachanganya, watasema unalipiza, na watakuwa na haki kidogo. Mathayo 18 inaanza na wewe na yeye peke yenu. Kwa umri wako na wake, nashauri baba yako au mjomba aende, amwambie viazi vya msimu huu vitapimwa kwa mizani hukohuko shambani, kilo kwa bei ya kilo, gunia lisizidi 100. Akikataa, tafuteni mnunuzi mwingine, au muungane majirani kadhaa muuze kwa pamoja, na Wakala wa Vipimo wana ofisi ya mkoa mnaweza kupeleka malalamiko. Watie moyo vibarua wake wapeleke madai yao wenyewe kwa mchungaji, wakiwa wawili au watatu, wakitaja siku walizolima na kiasi walichoahidiwa. Wewe usiwasemee. Na siku ya kuvuna, vaa suruali yako, baridi ya Isyonje unaijua.